Nyaya za Mdomo Mmoja

Katika miaka kumi na minne ya kwenda na kurudi Guangzhou, Mama Godson alikuwa amejifunza kwamba adui mkubwa wa mfanyabiashara ni boksi. Boksi linakula nafasi, linakula kilo za mzigo, na likifika nyumbani linatupwa jalalani. Kwa hiyo viatu alivyonunua soko la Zhanxi alivitoa kwenye maboksi akavifunga jozi kwa jozi. Mikoba ya soko la ngozi la Shiling aliitoa karatasi za tumboni, akapachika mdogo ndani ya mkubwa, na huo mkubwa ndani ya mkubwa zaidi, mpaka mikoba mitano ikawa mmoja. Mashati aliyavua pini, kola za plastiki na kadibodi za mgongoni. Wateja wake wa Makambako hawakuwahi kulalamika hata siku moja. Nani anavaa boksi?

Ndiyo maana Jumatano ile asubuhi alikuwa amekaa sakafuni katika chumba chake cha gesti, nyuma ya barabara ya Zhanxi, miguu ameinyoosha, kanga kiunoni, akipasua maboksi mia mbili na hamsini ya nyaya za kompyuta na simu huku akiimba pambio. Alipasua, akachomoa waya, akautupia kwenye kiroba. Boksi tupu akalikanyaga kwa kisigino likawa bapa. Mkabala naye alikaa Careen, binti wa Kitanzania aliyekuwa akisomea shahada ya pili hapohapo mjini, na ambaye siku asizokuwa na vipindi aliwatafsiria wafanyabiashara sokoni. Kichina chake kilikuwa kizuri kuliko cha wakalimani wote aliowahi kuwachukua Mama Godson. Shida yake ilikuwa sauti. Ilibidi umwinamie kama unayesikiliza saa ya mkononi.

"Mama," Careen alisema, ameshika waya mmoja kwa vidole viwili, "hizi za boksi la bluu tusizitenge?"

"Tuzitenge na nini?"

"Na hizi nyingine. Jana yule mama muuzaji alisema ziko aina tatu..."

"Alisema bei tatu, mwanangu. Bei tatu." Mama Godson aliacha kuimba ili amfundishe mtoto wa watu biashara. "Hapo Zhanxi kiatu kimoja wanakiuza bei tatu. Boksi jepesi, boksi gumu, na boksi lenye sumaku. Kiatu kilekile! Hebu lete huo." Akachukua waya kutoka boksi la bluu, mwingine kutoka boksi jeupe, na wa tatu kutoka boksi la kijivu, akavipanga vichwa vyake kwenye kiganja. "Tazama midomo. Unaona tofauti?"

"Hapana, mama."

"Rangi?"

"Zote nyeusi."

"Na jana nilizijaribu zote tatu kwenye simu yangu palepale dukani. Alama ya radi iliwaka au haikuwaka?"

"Iliwaka."

"Haya. Maboksi ndiyo matatu. Waya ni mmoja."

Careen alifungua kinywa, kisha akakifunga. Mama Godson alimwona, tena alimwona vizuri, ila alidhani ni njaa. Akamwelekeza kwenye mfuko uliokuwa mezani, akamwambia ale maandazi.

Kwa kawaida Mama Godson hakununua vitu vya umeme. Mkono wake ulizoea nguo na ngozi. Pale soko la vitambaa la Zhongda walimjua kama mama anayefumba macho, anasugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anamtajia muuzaji ni kiasi gani cha pamba na kiasi gani cha uongo. Nyaya hizi zilimjia kanisani. Chuo cha ufundi cha Makambako kilikuwa kimepewa msaada wa laptop arobaini na skrini kubwa arobaini, kwa ajili ya wanafunzi wanaojifunza kuchora ramani za nyumba. Kila kitu kilifika kasoro nyaya. Tangu Februari chumba kile kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na wanafunzi wakijifunzia kompyuta mezani, juu ya herufi zilizochorwa kwa chaki. Jumapili moja wakati wa matangazo, mkuu wa chuo, Mwalimu Sostenes, alisimama mbele ya kanisa zima.

"Mama Godson anakwenda China," alisema. "Chumba chetu kitafunguliwa tarehe kumi na tano, Mungu akipenda na Mama Godson akirudi."

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Naye Mama Godson alisimama akainama kidogo, kama bibi harusi. Makofi ya kanisani hayarudishwi. Orodha ya Mwalimu ilisema nyaya sitini za kuchajia laptop na arobaini za kupeleka picha kwenye skrini. Mama Godson akaongeza mia moja na hamsini za simu kwa ajili ya duka lake, maana hata yeye mwenyewe waya wa simu haukai miezi miwili.

Kufika saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Maboksi aliyashusha chini mwenyewe akampa bibi anayepita na mkokoteni kukusanya makaratasi. Kiroba kilishonwa kwa sindano ya gunia. Careen alipoaga, Mama Godson alimwekea mkononi waya mmoja kama zawadi, akamwambia, "Usome vizuri, mwanangu," na yule binti akaupokea kwa mikono miwili, akasimama kidogo mlangoni kana kwamba amesahau kitu, kisha akaenda zake.

*

Alhamisi saa moja asubuhi, mlango ukagongwa. Mama Godson alifungua akiwa na mswaki mdomoni. Careen alikuwa amesimama pale, na nyuma yake kijana mrefu mwenye miwani, amebeba kitu kipana kilichofungwa kwenye blanketi.

"Shikamoo mama. Samahani mama. Naomba usikishone kiroba."

"Marahaba. Si kilishonwa jana, na ulikuwepo?"

"Basi naomba tukifumue."

Mama Godson akatoa mswaki mdomoni. Na hapo Careen, ambaye kwa siku tatu walizokuwa pamoja hakuwahi kusema sentensi mbili zilizofuatana, akazimwaga zote kwa pumzi moja: kwamba jioni iliyopita aliutumia ule waya wa zawadi kuunganisha laptop yake na skrini ya maktaba, kwamba picha haikwenda, kwamba laptop ilikuwa inachaji polepole mno, asilimia zikawa zinapungua badala ya kuongezeka, kwamba aina zile ni tatu kweli, na muuzaji aliziandika kwenye maboksi kwa sababu kwenye nyaya zenyewe hakuna alama yoyote.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua kwamba sijui, mama. Nilitaka kukuambia mara tatu." Macho yake yalikuwa sakafuni. "Mara ya kwanza ukanipa maandazi."

"Na ya pili?"

"Ukanipa waya."

"Ya tatu?"

"Ya tatu nilikuwa nimeshafika kituo cha treni."

Mama Godson alitaka kugomba. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga: kwani mimi nang'ata? Lakini akakumbuka ni nani hasa aliyeambiwa na hakusikia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Akashusha pumzi, akamgeukia kijana.

"Na huyu je, na hilo godoro lake?"

"Mimi naitwa Kioko, mathe. Ni wa Machakos, niko hapa nasomea uhandisi wa stima. Na hii si godoro, ni skrini yangu. Nimeifunga blanketi juu ya mvua."

Wakaingia. Kioko akaweka skrini juu ya meza, pembeni yake laptop, na katikati kidude kidogo chenye tarakimu za kijani zinazoonyesha umeme unaopita. Mama Godson alifumua mshono wake mwenyewe, uzi kwa uzi, huku moyo ukimuuma kama anafumua gauni la harusi. Kioko akachomoa waya wa kwanza, akaupachika kwenye kidude. Tarakimu zikapanda kidogo, zikagoma.

"Huu ni wa simu. Utachaji simu mpaka Yesu arudi, lakini laptop itakufa njaa."

Wa pili ulipandisha tarakimu vizuri, lakini alipoupeleka kwenye skrini, skrini ilibaki nyeusi tii. "Huu ni wa kuchaji laptop. Picha haubebi." Wa tatu, wa nne, wa tano, vivyo hivyo. Wa sita ulipochomekwa, skrini ikapepesa, ikafikiri, kisha ghafla ukatokea uso mkubwa wa ng'ombe mwenye doa jeupe puani.

"Yesu wangu!" Mama Godson akaruka nyuma.

"Ni ng'ombe wa mamangu," Kioko alisema kwa fahari. "Ndiye nimeweka kwa laptop. Ukimwona yeye, jua waya ni ule wa picha."

Mama Godson alikaa kitandani. Mbele ya macho yake aliona tarehe kumi na tano: utepe umekatwa, Mwalimu Sostenes anabonyeza, skrini arobaini nyeusi, na watu walewale waliopiga makofi wanakohoakohoa. Wangesema nini? Wangesema Mama Godson abaki na mikoba yake.

"Lakini midomo ni ileile," alisema, kama anayemlalamikia Mungu.

"Mdomo ni uleule, mathe, lakini koo si moja. Wakubwa wa dunia walikaa chini wakasema, watu wamesumbuka na milango mingi ya chaji, tufanye mmoja utoshe kila kitu. Wakakubaliana mlango. Kilicho nyuma ya mlango, kila mtu akaweka chake."

"Na hawakuona haya?"

"Waliandika kwa boksi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Kioko mwenyewe, naye akanyamaza haraka.

Wakapanga kazi. Kioko alipima, Careen akaandika, Mama Godson akatenga mafungu matatu juu ya shuka. Kurudi dukani hakukuwa na maana. Bila maboksi yule muuzaji angesema *meiyou*, yaani hakuna, na kwa Kichina cha sokoni neno hilo likishatoka halirudi. Na maboksi yalikuwa yameondoka na mkokoteni wa yule bibi. Kilichobaki ni kupima waya mmoja mmoja, na skrini ile ilikuwa mvivu. Kila ilipozimika ilitaka dakika nzima na ushee kuamka.

Saa tatu simu ikalia. Alikuwa Murshid, kijana wa Tanga mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, ambaye ndege yake ya wiki hiyo ilikuwa inaondoka alfajiri ya kesho yake.

"Mama Godson, kiroba chako sikioni."

"Kinakuja, baba. Kuna kitu kidogo narekebisha."

"Mwisho saa kumi na moja jioni. Ikipita hapo ni wiki ijayo, na mama yangu nakupenda, lakini ndege haina shemeji."

Wiki ijayo mzigo ungefika baada ya tarehe kumi na tano. Mama Godson alikata simu, akasema, "Ng'ombe, baba, ng'ombe, twende!" na Kioko akachomeka.

Ilipofika saa tano walikuwa wamepima nyaya sitini. Careen alipiga hesabu pembeni ya karatasi, akaifunika kwa kiganja.

"Sema tu," Mama Godson alimwambia. "Leo sina maandazi."

"Kwa mwendo huu tutamaliza saa mbili usiku, mama."

Nje mikokoteni ilikuwa ikigombana na pikipiki, na mtu alikuwa anatangaza bei za viatu kwenye kipaza sauti bila kupumzika. Kioko, ambaye hakuweza kukaa mikono mitupu, alitoa wembe kwenye begi lake, akachukua waya mmoja kutoka kila fungu, akazichana ngozi.

"Wacha nikuonyeshe, mathe, angalau ujue ni nini kimetutesa. Ona hii ya simu. Ndani ni nyuzi mbili tu, basi. Hii ya laptop ina nyuzi chache lakini shaba yake ni nene. Na hii ya picha, hebu ona."

Ndani ya waya wa picha mlikuwa na nyuzi nyembamba nyingi kama shada la nywele, kila moja imevishwa karatasi yake ya fedha, na zote kwa pamoja zimezungushiwa wavu uliofumwa. Mama Godson akainama. Akavaa miwani. Akaugusa ule wavu kwa ukucha.

"Kumbe ni nyuzi," alisema polepole.

"Si ndiyo nasema, nyuzi."

"Hapana, baba, hujaniambia. Umeniambia koo, umeniambia mlango, umeniambia njaa. Hukuniambia nyuzi." Akachukua waya mzima kutoka fungu la simu, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akauachia ukaning'inia, ukaanguka chini kama poliesta. Akachukua wa laptop. Ulikuwa mzito, laini, unatii, kama satini nzuri. Akachukua wa picha. Alipoukunja ulikataa kidogo, ukamsukuma kidole, halafu ukakunjika kwa shingo upande. "Huu ni turubai," alisema. "Careen, nifunge macho."

"Mathe, hii ni stima, si kitenge," Kioko alisema.

"Nifunge macho, mwanangu."

Careen akamfunga kwa mtandio. Kioko akaanza kumpa nyaya ambazo hazijapimwa, moja moja, huku akitabasamu kwa huruma.

"Simu," alisema Mama Godson. Kioko akapima. Simu.

"Laptop." Ikawa laptop.

"Simu. Simu. Picha." Ng'ombe akatokea. Kioko akaacha kutabasamu kwa huruma, akaanza kutabasamu kwa wasiwasi. Wa sita, wa saba, mpaka wa kumi na mbili, hakukosea hata mmoja.

"Picha," alisema kwa wa kumi na tatu.

Kioko akauchomeka. Skrini ikabaki nyeusi. Wakasubiri. Nyeusi.

"Pole, mathe. Hapo umeteleza."

"Huo ni wa picha."

"Si mimi nimekataa, ni skrini."

"Basi skrini ndiyo iliyofungwa macho," Mama Godson alisema. Lakini sauti ilimpungua. Kama vidole vinaweza kudanganya mara moja katika kumi na tatu, vitadanganya mara ngapi katika mia moja na tisini? Alinyoosha mkono kuutoa mtandio usoni.

"Kioko." Ilikuwa sauti ya Careen, ndogo lakini karibu. "Tundu."

"Tundu gani?"

"Umechomeka tundu la kushoto. Tangu asubuhi ulikuwa unachomeka la kulia."

"Matundu ya laptop yangu ni sawa yote mawili. Ona, yanafanana."

"Na nyaya zinafanana," Careen alisema.

Kioko aliuhamisha waya kwenda tundu la kulia, kwa mwendo wa mtu anayetaka tu kumaliza ubishi. Skrini ikapepesa, ikafikiri, na yule ng'ombe akawatazama wote watatu kwa doa lake puani.

Mama Godson aliung'oa mtandio akacheka mpaka akashika mbavu. "Injinia! Hata mlango wa nyumba yako mwenyewe huujui!"

"Miaka miwili," Kioko alisema, akilitazama tundu la kushoto kama rafiki aliyemsaliti. "Miaka miwili niko na hii laptop, na hakuna mtu ameniambia."

"Labda uliandikiwa kwenye boksi," alisema Careen, na mara hii kila mtu alicheka, yeye wa kwanza, mkono mdomoni.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama inavyokwenda Zhongda. Mama Godson alikaa sakafuni, macho kafumba bila mtandio, pambio mdomoni, vidole vikitembea: simu, simu, laptop, picha, simu. Kioko alipima mmoja katika kila kumi, kwa heshima ya elimu yake tu. Na ili kosa lisirudi njiani, Mama Godson alitoa kwenye begi kitabu cha sampuli za vitambaa alichopewa wiki ile, akamkabidhi Careen mkasi alioazima kwa wenye gesti. Kila waya wa picha ukafungwa shingoni kipande cha kitambaa chekundu. Kila wa laptop, cha bluu. Za simu ziliachwa hivyohivyo, zisizo na kilemba.

Walipohesabu saa tisa na nusu, nyekundu zilikuwa thelathini na tisa. Bluu hazikumpa mtu shida, maana Mwalimu aliagiza na za akiba. Lakini skrini zilikuwa arobaini kamili. Mama Godson akahesabu tena. Kisha wote wakaitazama ile iliyochanwa, imelala mezani na nyuzi zake za fedha nje kama utumbo wa dagaa.

Kioko aliingiza mkono kwenye begi lake, akatoa waya wake mwenyewe, ule aliokuwa akiutumia kwenye hiyohiyo skrini yake, akauweka mbele ya Careen.

"Ufunge nyekundu," alisema. "Ni turubai safi. Mathe, ushike uone."

Mama Godson aliushika. Ulikuwa turubai kweli.

Saa kumi na nusu kiroba kilikuwa juu ya mizani ya Murshid. Kwa kuwa mshono haukuwa umekazwa, vitambaa vyekundu vilichungulia nje.

"Mama Godson," Murshid aliuliza, "safari hii nyaya umezivalisha tai?"

"Zinakwenda kanisani, baba," alijibu. "Andika kilo."

*

Tarehe kumi na tano Mwalimu Sostenes alituma video. Haikuwa nzuri, kidole chake kilifunika robo ya picha, lakini skrini arobaini zilionekana zikiwaka moja baada ya nyingine kama nyumba za mtaa umeme unaporudi, na makofi yalisikika hata kabla ya ile ya mwisho. Katikati ya makelele mwanafunzi mmoja alisikika akimwambia mwenzake, "Siyo huo, lete wa kitambaa chekundu!" Mama Godson alimtumia Careen video ile, akaandika chini yake: *Sikiliza dakika ya pili.* Careen alijibu kwamba ameisikiliza mara tisa. Kisha akaongeza kwamba jana alikwenda peke yake kwa yule muuzaji wa nyaya, akamwambia bila kuzunguka kwamba azitie alama, na akamwonyesha ule waya wake wa zawadi, ameufunga kitambaa. Yule mama aliupiga picha.

"Peke yako?" Mama Godson aliandika.

"Peke yangu, mama. Nilikula maandazi kwanza."

Mwezi wa nane Mama Godson alirudi Guangzhou. Chuo cha Njombe nacho kilikuwa kimesikia, nacho kilitaka nyaya. Safari hii hakuanzia Shiling wala Zhongda. Alimpitia Careen, wakaenda moja kwa moja kwenye lile duka. Mwenye duka alipowaona alipiga ukelele wa furaha, akawavuta mkono mpaka kwenye kaunta. Nyaya zilikuwa zimejaa ukutani, na kila mmoja ulikuwa na utepe shingoni. Nyekundu, bluu, njano. Duka la jirani nalo lilikuwa na tepe. Na la mbele yake pia, ila hilo lilikuwa na zambarau.

Mama Godson aliguswa moyo. Kitu kilichozaliwa sakafuni gesti, kwa mkasi wa kukopa, kimekuwa utaratibu wa soko zima! Akanyoosha mkono, akachukua waya mmoja wenye utepe mwekundu, na kwa mazoea tu akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

Ulianguka kama poliesta.

"Careen. Muulize nyekundu ni ipi."

Careen aliuliza. Mwenye duka alieleza kwa furaha, mikono ikipaa hewani.

"Anasema nyekundu ni za simu, mama. Nyekundu ni rangi ya bahati, na za simu ndizo zinazotoka haraka. Za picha ni njano." Careen alimsikiliza tena. "Jirani yake, za picha ni bluu. Na yule wa mbele ameweka zambarau zote kwa sababu zinapendeza."

Mama Godson aliutazama ukuta ule wote, tepe juu ya tepe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mwenye duka naye akacheka bila kujua anachochekea, akamletea kigoda. Akakaa, akanyoosha kanga, akafumba macho, akatoa mkono mbele na kiganja wazi.

"Haya, mwambie alete moja moja," alisema. "Na mwambie maboksi yake safari hii nayataka yote, asitupe hata..."

"Nimeshamwambia, mama," alisema Careen, kwa sauti ambayo hata duka la zambarau waliisikia.